Wati elfu kumi za kwenye boksi zinatoka wapi?

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika barua za wasomaji tuzungumzie matangazo ya redio, sabufa na amplifaya yanayochapishwa magazetini na kubandikwa kwenye vioo vya maduka hapa Tanga. Karibu yote yana namba moja tu, nayo ni ya wati. Wati 5,000, wati 10,000, juu ya kitu ambacho mtoto wa shule anakibeba kwa mkono mmoja. Mnunuzi anapanga fedha zake kwa namba hiyo. Sisi tunaofungua vyombo hivi kila siku tunasema namba hiyo haina kazi, na zile zenye kazi zipo, ila zimechapwa mgongoni kwa herufi ndogo ambazo dukani hazisomwi.

Geuza chombo. Penye waya wa umeme pana kibandiko kinachotaja volti, 50Hz, na wati ambazo chombo kinakula. Si ajabu sabufa ya "wati 10,000" ikawa imeandikwa huko wati 60. Amplifaya haitengenezi umeme. Inaupokea kutoka ukutani, inaugeuza kuwa sauti, na sehemu yake inapotea kwa joto. Ile ya daraja la AB, yenye hitsinki (vyuma vya kupoza joto) nene za alumini, ikibanwa kufanya kazi kwa nguvu zote hupeleka spikani nusu ya inachokula au zaidi kidogo. Ya daraja la D, ndogo na nyepesi, hufika asilimia 85 hadi 90. Tena plagi yetu ya meno matatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha kwa volti 230, haifiki wati 3,000. Wati 10,000 zingetaka ampea 43. Fyuzi ya ampea 2 inayopitisha mzigo huo basi si fyuzi, ni msumari.

Tutende haki pia kwa watengenezaji. Wati za kibandikoni kwa kawaida hupimwa chombo kikitoa moja ya nane ya nguvu zake, kwa sababu muziki hauko juu muda wote. Kwa hiyo amplifaya ya kweli ya wati 50 kila upande inaweza kuandikwa kwamba inakula 80, wala huo si udanganyifu. Lakini hapo tofauti ni ya mara moja na robo hivi, haiwi ya mara mia.

Kinachozaa maelfu ni herufi nne, PMPO. Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua, na haina kipimo kilichokubaliwa. Kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Utafute RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo bila kuchoka. Marekani waliuona mchezo huu mapema: mwaka 1974 Tume yao ya Biashara, FTC, ilitoa kanuni kwamba anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani aseme zimepimwa kwa omu ngapi (kipimo cha ukinzani wa spika, tutakifikia), kuanzia sauti nene kiasi gani hadi nyembamba kiasi gani, na sauti imepotoka kwa asilimia ngapi. Hiyo asilimia nayo ni mlango wa ujanja. Amplifaya ileile ikipimwa upotokaji ukiwa asilimia 10 badala ya 1, inajipatia karibu robo ya wati za ziada, ila sauti ya asilimia 10 hakuna anayeivumilia hadi mwisho wa wimbo.

Hata wati za kweli hazikuambii sauti itakuwa kubwa kiasi gani. Hilo linaamuliwa na usikivu wa spika, unaoandikwa kwa desibeli: spika inapewa wati 1, inapimwa ukiwa mita 1 mbele yake. Moja inatoa dB 85, nyingine 91. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha wati mara mbili, kwa hiyo spika ya 91 ikipewa wati 25 inalingana na ya 85 iliyopewa wati 100. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, wati zinatakiwa ziongezwe mara kumi. Anayeacha amplifaya ya wati 50 na kulipia zaidi kwa ya 60 amenunua tofauti isiyofika desibeli moja. Fedha hiyo ingekaa vizuri zaidi kwenye spika.

Tunakuja kwenye omu, na hapa ndipo panapoungua vyombo. Omu ni ukinzani ambao spika inaupa umeme wa amplifaya. Za nyumbani ni 4, 6 au 8. Ukipima kwa multimita, spika ikiwa imechomolewa, usishangae ya omu 8 kusoma 5.5 hadi 7, na ya omu 4 kusoma 3 na ushee. Mita inapima waya wa koili (waya uliozungushwa unaoitikisa koni ya spika) peke yake, bila mwendo wa sauti. Ikisoma sifuri koili ina shoti. Isiposoma kitu, imekatika.

Kosa la kawaida mitaani, iwe Ngamiani au Chumbageni, ni kutaka sauti ifike hadi barazani. Mtu anachukua spika mbili zaidi, anasokota waya chanya na chanya, hasi na hasi, kwenye tundu zilezile. Za omu 8 mbili zikifungwa hivyo zinakuwa 4, na amplifaya nyingi zinavumilia. Za omu 4 mbili zinakuwa 2. Hapo mkondo unakuwa mara mbili ya uliokusudiwa, hitsinki inachemka, na transista za mwisho, zile zinazosukuma umeme kwenda spikani, zinapiga shoti. Transista ikishapiga shoti huwa haifi peke yake: volti 30 au 40 za umeme mnyoofu, kama wa betri, kutoka kwenye pawa saplai (sehemu inayolisha chombo umeme) zinapita moja kwa moja hadi kwenye wufa, ile spika kubwa ya besi, koili inaungua, moshi unatoka katikati ya koni. Mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo, lakini hatukuwa na maana ya transista.

Dawa yake ni kuzifunga kwa mfululizo, chanya ya moja iingie kwenye hasi ya nyingine: za omu 4 mbili zinarudi kuwa 8. Ukiwa na nne za omu 8, funga mbilimbili kwa mfululizo, kisha hizo jozi mbili ziunganishwe sambamba, yaani chanya na chanya, hasi na hasi. Jumla inabaki 8. Mgongoni mwa amplifaya pameandikwa kiwango cha chini, mfano "4–16Ω". Usishuke chini yake.

Ndani ya kasha la spika pana kitu kidogo kinachonyanyasika sana, krosova. Kazi yake ni kugawa sauti. Gitaa la besi, ambalo taarabu ya Tanga ililipokea mapema, nyuzi yake nene inalia karibu Hz 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Hilo ni la wufa. Makali ya fidla na mlio wa ganuni yanapanda hadi maelfu ya Hz. Hayo ni ya twita, spika ndogo ya sauti nyembamba. Ndani ya krosova, koili ya waya inazuia sauti za juu zisiende kwenye wufa, kapasita inazuia besi isiende kwenye twita. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 6.8 inakata karibu Hz 3,000, na ya 4.7 inakata karibu Hz 4,200. Ukibadilisha, rudisha thamani ileile, tena iwe isiyo na upande wa chanya na hasi, ya volti 100. Fundi anayepachika kapasita ya kawaida yenye mstari wa hasi anaipa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Itavimba, au itakauka na kupoteza thamani. Ukikwama kabisa, chukua mbili za maikrofaradi 10, unganisha hasi kwa hasi: unapata 5 isiyo na upande. Aliyeitoa kapasita na kuunga waya moja kwa moja "ili twita ipate nguvu" ameiua twita. Koili yake ni nyembamba kama unywele, besi inaikata.

Twita inauawa pia na amplifaya ndogo, jambo ambalo wateja hukataa kuliamini. Amplifaya ya wati 20 ikifunguliwa hadi mwisho, vilele vya mawimbi vinakatwa bapa, na wimbi bapa limejaa sauti za juu ambazo hazikuwemo kwenye wimbo. Zote zinakwenda kwenye twita. Ukisikia sauti inachanika, punguza pale pale. (Kuna makasha yenye twita za urembo tu, plastiki inayong'aa isiyo na waya nyuma. Hizo hazifi.)

Besi ikipotea baada ya kuhamisha redio, usikimbilie kununua sabufa. Huenda spika moja imefungwa kinyume, moja inasukuma hewa huku nyingine inavuta. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za wufa kwa sekunde moja, chanya kwenye nyekundu: koni itoke nje. Ikiingia ndani, waya zimebadilishana. Na waya wenyewe usikuumize kichwa. Wa shaba halisi wa milimita za mraba 1.5, ule unaopimwa dukani kwa mita kwa ajili ya umeme wa nyumba, kwa umbali wa mita 10 una ukinzani wa omu 0.23 tu kwenda na kurudi. Unatosha. Wa alumini uliopakwa shaba ndio wa kukwepa: kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani mrudishie mwenyewe.

Vyombo vya mtumba vinavyoshuka kutoka Japani ni vizuri kwa sauti, ila vingi ni vya volti 100. Ukivichomeka kwenye 230 havikupi nafasi ya kujuta. Tazama mgongoni: kama kuna swichi ya kuchagua volti, iweke 220, 230 au 240 kabla ya kuchomeka. Kama hakuna, nunua transfoma ya kushusha ya 230 kwenda 100, yenye VA (uwezo wake, ulioandikwa juu yake) angalau mara moja na nusu ya wati ambazo chombo kinakula. Transfoma ya 110 inayouzwa kwa vyombo vya Marekani inazidisha asilimia 10 kwa chombo cha Japani, na joto lake linafupisha maisha ya kapasita.

Hewa yetu nayo ina chumvi, hasa nyumba za kuelekea Raskazone. Ukingo wa sponji unaozunguka koni ya wufa unamung'unyika kwa joto na unyevu. Wa mpira au kitambaa unadumu zaidi. Dukani bonyeza ukingo taratibu kwa kidole: ukibaki na alama au ukiacha unga, jua gharama inakuja. Kisha sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili pande zote sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku. Volumu inayokwaruza inasafishwa kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, chombo kikiwa kimechomolewa, kisha unaizungusha mara ishirini hivi. Mafuta ya cherehani yananasa vumbi, na petroli inakula plastiki.

Chombo kikivuma, shusha volumu hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, tatizo liko kwenye pawa saplai, mara nyingi kapasita kubwa zimekauka. Ukipungua pamoja na volumu, tafuta waya wa kuingizia sauti au erthi. Hizo kapasita kubwa zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Zishushe umeme huo kwa rezista (kipande cha ukinzani) ya omu 100 ya wati 5 na upime kwa mita kabla ya kuingiza mkono. Bisibisi inayorusha cheche si kifaa cha kushushia.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni hili. Tangazo la chombo cha sauti likiletwa kwenye gazeti lako, mwombe mwenye duka ajaze namba tatu: wati za mfululizo pamoja na omu zake, usikivu wa spika, na volti. Shirika la Viwango nalo likiona inafaa, litake namba hizo ziandikwe kwa Kiswahili mbele ya boksi. Mstari mmoja unatosha: "Wati 2 × 40 kwa omu 8, usikivu dB 89, volti 230." Hauzidi nafasi inayoliwa sasa na zile sifuri za wati elfu kumi.

Ni sisi,
Mafundi wa redio na amplifaya,
Ngamiani, Tanga