Shemeji asitume hela kwanza

Coventry, Uingereza, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima, ni baridi tu inayotutia adabu. Natumai nanyi hamjambo, bi mkubwa na mguu wake, watoto, na shemeji mstaafu wetu. Ukimya wangu wa tangu Iddi unisamehe, zamu zimenibana mpaka siku nyingine nalala na sare mwilini. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa nimekaa garini nje ya nyumba ya mgonjwa, nikaona hili si jambo la kujibu kwa mstari mmoja.

Kabla sijafika mbali, nakuomba hili: mwambie shemeji asitume hela ya ile Tesla kuukuu anayotaka kuinunua huku. Wiki mbili tu. Kile kiinua mgongo ni jasho la miaka thelathini na ushei bandarini, hakitoki mara ya pili.

Asinielewe vibaya. Gari la umeme silipingi, mwenyewe naendesha la umeme mwaka wa tatu huu, na mota yake haijanisumbua hata siku moja. Halina oili ya kumwaga, halina plagi, halina feni beti ya kukatika. Betri yake kubwa nzima. Kilichonitoa machozi ni skrini. Si la kampuni anayoitaka shemeji, na jina lake siliandiki humu, ila acha nikusimulie, maana kwenye simu nilikuambia juu juu tu.

Ilikuwa Januari, saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi chini ya sifuri. Nimeshakwangua barafu ya nje ya kioo, nimeingia, nimewasha. Skrini ikaleta nembo ya kampuni, ikatoweka, ikaleta nembo tena, ikatoweka. Halafu giza. Gari lenyewe limewaka, linataka kwenda. Nikatoka nalo, nikisema moyoni itajirudi njiani.

Shoga, baridi ya huku ina tabia moja ambayo Tanga hatuijui. Pumzi yako mwenyewe inakuwa ukungu kwenye kioo kwa ndani, na usipoupuliza hewa ya moto hapo hapo, dakika haipiti unaendesha kama mtu aliyefunikwa shuka. Na swichi ya hewa hiyo iko wapi? Ndani ya skrini. Ya kupasha kioo cha nyuma? Ndani ya skrini. Hakuna kitu cha kuzungusha, hakuna cha kubonyeza, nimebaki na kioo cheusi kinachonionyesha uso wangu. Nikavuta ile kanga uliyonifunga siku ya kuondoka, huwa iko kiti cha pembeni, nikawa nafuta kwa mkono mmoja na mwingine uko kwenye usukani. Nafuta, ukungu unarudi. Nafuta, unarudi. Kwenye mzunguko wa barabara pakatokea baiskeli ubavuni mwangu. Taa yake ya nyuma niliiona imevimba ndani ya ukungu kama chungwa. Nikakanyaga breki. Sikumgusa, alhamdulillahi, wala hakujua. Nikaegesha, nikashusha vioo vyote vinne kwenye baridi ile, nikakaa natetemeka.

Kwa mzee wa kwanza ninayemhudumia nyumbani kwake nilifika nimechelewa dakika hamsini. Ana miaka 91. Nilimkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine kaishika mkononi, nguo zimelowa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama bado ni usiku.

Ndiyo maana watu wakiniambia skrini ni jambo la redio na ramani huwa siwaelewi.

Gereji nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza wakaizima na kuiwasha, ikakaa siku nne. Ya pili wakaiwekea apdeti, ikakaa wiki mbili. Ya tatu ndipo wakaniambia kipande chote kibadilishwe, pauni 1,900, na dhamana ilikuwa imekwisha miezi miwili nyuma. Mshahara wa mwezi mzima, Mwanaidi, kwa sababu ya kitu ambacho kwenye ile Peugeot 504 ya Mzee Kombo kilikuwa kishikizo cha plastiki. Unakikumbuka? Kilipovunjika, Fundi Athumani akachomeka kifuniko cha kalamu ya Bic, na hewa ikapulizwa mpaka gari likauzwa.

Sasa nije kwa gari la shemeji. Picha aliyoituma Bakari, anayemsaidia shemeji kutafuta gari, nimeikuza na kuitazama vizuri. Ni Tesla Model S ya mwaka 2015, na najua kilichomkamata shemeji ni ile skrini ya inchi 17 iliyosimama katikati kama televisheni. Hiyo hiyo ndiyo ninayoihofia. Haya si maneno ya mtaani. Februari 2021 huko Marekani Tesla ilikubali kuyaita gereji magari kama 135,000, Model S za 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018, yaliyotengenezwa kabla ya Machi 2018. Mamlaka ya usalama barabarani ya kule ndiyo iliyowabana. Skrini zilikuwa zinazimika, na zikizimika zinaondoka na kamera ya nyuma na vidhibiti vya hewa ya kufuta ukungu, yale yale yaliyonipata mimi na gari jingine kabisa.

Sababu yake nilieleweshwa na kijana mmoja fundi wa kompyuta, ikaniingia vizuri. Ndani ya kompyuta ya ile skrini kuna chipu ya kumbukumbu ya GB 8. Gari linaandika humo kila linalofanya, linafuta, linaandika tena, mwaka hadi mwaka. Chipu za namna hiyo zina kiwango cha kufutwa na kuandikwa, hii ilikuwa kama mara 3,000 tu, na wakaguzi walikadiria itachoka baada ya miaka mitano au sita. Unakumbuka daftari la hesabu la darasa la tano, ulivyofuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka na mwalimu akaona meza kupitia ukurasa? Ndivyo hivyo. Gari zima, mota nzima, betri nzima, karatasi imetoboka. Kilichonikera zaidi ni kwamba kampuni iliiandikia mamlaka ikisema kiuchumi haiwezekani kutarajia kipande kama kile kidumu umri wote wa gari. Basi kwa nini hewa ya kioo ikafungwa kwenye kipande kisichodumu?

Waliotengenezewa waliwekewa chipu ya GB 64. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si kilomita wala rangi, ni hili: chipu ilibadilishwa? Karatasi ya gereji iko wapi? La pili, mwenye gari wa sasa amelitoa kwenye akaunti yake? Gari la namna hii limefungwa kwenye akaunti kama simu, na asipolitoa utanunua simu ya mtu yenye nywila yake. La tatu, apdeti. Huko nyumbani Tesla haina kituo. Mafundi wetu ni hodari, wale vijana wa Kariakoo wanafufua simu ambazo hata mwenyewe ameshazisamehe, ila skrini hii ya tachi ikifa si ya kubandika nyingine ya dukani. Kipande kipya lazima kitambulishwe kwa gari na kompyuta ya wenyewe. Nani atafanya hivyo hapo Chumbageni, Tanga?

Bakari anaweza kusema basi tuchukue Nissan Leaf kuukuu ya Japani, nayo ni ya umeme na bei nafuu. Leaf ina vitufe vya kweli vya hewa, hapo naisifu. Ila skrini itakuwa ya Kijapani, na wewe umemchoka yule dada anayeongea Kijapani kila asubuhi kwenye Noah ya kaka yako. Tofauti ni kwamba kwenye Noah unampuuza unaondoka, lakini kwenye Leaf ratiba ya kuchaji imo humo humo kwa Kijapani. Na betri ya Leaf hizo kuukuu haina mfumo wa kuipooza kwa maji, joto la Tanga haliihurumii. Mkiitazama, hesabuni vile vijisanduku 12 pembeni ya kipimo cha chaji, ndivyo vinavyoonyesha uwezo uliobaki wa betri. Vikiwa 8, iacheni.

Nimekwenda mbali, lakini jambo hili limenikaa kooni. Kuna gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, mwaka 2022 liliwapa madereva kazi nne ndogo, kama kupasha kiti na kubadilisha stesheni ya redio, huku wakienda kilomita 110 kwa saa. Kwenye Volvo V70 ya 2005, yenye vitufe, kazi zote zilichukua sekunde 10. Kwenye MG Marvel R, ya umeme na skrini, sekunde 44.9, na katika muda huo gari lilikuwa limekwenda mita 1,372. Zaidi ya kilomita nzima macho yanahangaika kwenye skrini! Na hiyo ni skrini nzima, inayofanya kazi yake. Sasa Ulaya, Euro NCAP wanaopima usalama wameamua kwamba kuanzia 2026 gari lisilo na kitufe cha kweli cha indiketa, hazadi, honi, waipa na cha kuita msaada linakatwa alama. Nimefurahi. Ila nimeisoma orodha mara mbili, hewa ya kioo haimo. Wangenipigia mimi simu.

Basi nimefikiria hivi. Muuzaji yuko Birmingham, kwa treni ni karibu sana na kwangu. Alhamisi sina zamu. Nitakwenda asubuhi mapema, na nitamwambia gari lisiwashwe kabla sijafika, nilikute la baridi. Wauzaji wanapenda kulipasha kwanza. Nitaliwasha mwenyewe, nitakaa humo saa nzima, nitafungua kila ukurasa wa skrini, nitarudi kinyumenyume kwa kamera, nitalizima na kuliwasha mara kumi. Na ile betri ndogo ya volti 12 nitauliza iliwekwa lini, maana hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikifa, gari halifunguki hata kama betri kubwa imejaa pomoni. Nitakupigia video kutoka humo humo ndani, shemeji aone kwa macho yake. Skrini ikileta nembo mara mbili tu, nashuka.

Sasa nijibu. Hela imeshaingia benki au bado ni ahadi? Huyo muuzaji ameshadai malipo ya awali, na kama amedai, anataka yatumwe kwa jina la nani? Umeme Chumbageni unakatika saa ngapi siku hizi, na mmeuliza kama nyaya za nyumba zitabeba chaji ya usiku kucha? Shemeji anataka gari la kumpeleka bi mkubwa hospitali, au ni la biashara? Maana kama ni hospitali, ile Noah ukiifanyia injini haitatosha? Kuna mtu yeyote pale Tanga unayemjua ana gari la umeme, na likisumbua analipeleka wapi? Na Rehema amejifungua? Mbona hukunitajia, au kuna jambo?

Nitumie sauti kabla ya Alhamisi, nitaisikiliza kwenye treni.

Akupendaye,
Zuhura