Jumamosi: mashamba ya viungo Unguja, jioni vyakula bustani ya Forodhani

Assalaam alaykum jamaa. Tukutane sokoni Darajani saa 2 kamili asubuhi; jua likipanda watoto watachoka huko mashambani Kizimbani hata mdalasini hawajauona. Viatu vya kufunika, mashambani kuna tope.

Mwambieni mtembezaji awakwangulie mzizi wa mdalasini: unanuka kafuri! Tunda la kungumanga lipasuliwe mbele yenu, basibasi, ule utando unaofunika kokwa, muione nyekundu, ingali mbichi.

Iliki nunueni nzima, ya kijani. Ikishasagwa harufu hupotea upesi. "Zafarani" ya bei rahisi msiiguse, zafarani hailimwi Unguja, na ya unga mara nyingi ni bizari ya manjano tu.

Forodhani, pweza aliyekwisha kukauka mezani muacheni, ngojeni anayetoka jikoni. Urojo (supu nzito ya Zanzibar) kwanza, maji ya miwa baadaye. Chukueni chenji ndogo ndogo.