Si kioo tu

Ndugu Mhariri,

Wiki chache zilizopita nilimpeleka mjukuu wangu kupigwa picha ya mkono kwenye kituo kimoja cha afya hapa Moshi, baada ya kuanguka kutoka kwenye mparachichi. Nimefanya kazi ya eksirei hadi kustaafu, hivyo jicho lilienda lenyewe kwenye kidirisha anachochungulia mpiga picha. Gundi mbichi pembeni, kioo cheupe pee! Kumbe cha zamani kilipasuka, akaitwa fundi wa madirisha ya alumini, akakata kingine siku hiyohiyo.

"Mzee, si kioo tu?" akaniuliza kijana wa zamu.

Fundi simlaumu, aliombwa kioo akaleta kioo. Lakini kioo cha dirisha ni mchanga ulioyeyushwa na magadi na chokaa, atomu nyepesi tupu. Silikoni iliyomo mchangani ni ya 14 kwa namba ya atomu, risasi, ile metali nzito, ni ya 82, na kwenye nguvu za eksirei za hospitali tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani ananasa mionzi na nani anaiachia ipite. Ndiyo maana kioo cha chumba cha eksirei hujazwa oksidi ya risasi. Kukitambua hakuhitaji shahada: kipande cha sentimita 60 kwa 40, unene milimita 6, kikiwa cha kawaida kina kilo 3.6, cha risasi hukaribia mara mbili, na mara nyingi kina umanjano kidogo. Mizani ya bucha ingetosha.

Siku hizi watafiti wanajaribu oksidi ya bismuthi, ya 83, badala ya risasi. Ni nzito vilevile lakini sumu yake ni ndogo mno. Watu humeza bismuthi kwenye dawa za tumbo. Natamani wale wa Chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, walishike jambo hili.

Kwa sasa naomba kidogo tu. Tume ya Nguvu za Atomiki ina maabara Njiro, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka hapa. Iwe marufuku kuwasha mashine baada ya kubadili kioo mpaka Tume ipime. Mjukuu wangu alipigwa picha mara moja akaondoka. Kijana yule anasimama pale kila siku.

Nilimshauri ajikinge nyuma ya ukuta. Akasema akifanya hivyo hamwoni mgonjwa.

Mstaafu wa eksirei,
Moshi