Kwa vijana mnaotaka kuingia kwenye kiini cha Linux

Wanangu,

Swali mnaloniuliza ni lile lile: tujifunze C, lugha iliyoandikiwa kiini, kwa muda gani kabla hatujatuma kiraka cha kwanza, yaani badiliko letu la kwanza la msimbo? Nawajibu nyote kwa pamoja, maana mmoja mmoja nimechoka. C mtaijua tu. Kitakachowatoa jasho ni barua.

Ndiyo, barua. Tangu Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipotangaza mradi wake akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, kazi ya kiini, moyo wa mfumo unaoendesha kompyuta, hupita kwenye barua pepe, tena za maandishi matupu. Kiraka hukaa ndani ya barua yenyewe, hakiambatishwi, ili anayekipitia anukuu mstari na kuandika chini yake: hapa umesahau kuachia kufuli. Programu yako ya barua ikibadilisha tabo kuwa nafasi, kiraka kimeshaharibika kabla hakijasomwa. Jitumie mwenyewe kwanza, ukipokee, ujaribu kukibandika.

Kiraka changu cha kwanza kilikuwa cha mistari mitatu. Draiva moja, yaani msimbo unaoendesha kifaa, ilikuwa inaomba kumbukumbu, na hatua iliyofuata ikishindwa, inaondoka bila kuirudisha. Nikaandika maelezo ya sentensi moja, "Kurekebisha uvujaji wa kumbukumbu", nikatuma, nikakaa kungoja pongezi. Wiki mbili kimya. Nikakumbusha kwa adabu. Mtunzaji wa draiva, yule anayeamua kiraka kipi kiingie, akajibu: uvujaji upi, unatokea lini, na umeujuaje? Nilikasirika. Msimbo si huo hapo, kwa nini asiusome? Mke wangu alinisikia nikinung'unika, akaniuliza, "Kama jambo lenyewe ni dogo hivyo, mbona kulieleza kunakushinda?" Kiraka kilikubaliwa nilipokituma mara ya nne. Msimbo ulikuwa bado mistari mitatu. Maelezo yalifika aya mbili.

Barua hizi ni za Kiingereza, na wengi wanaoziandika hawakuzaliwa nacho. Usihangaike na ufasaha. Mimi mpaka leo huanza kwa Kiswahili kwenye daftari: nini kimeharibika, nani anaumia, kwa nini dawa yangu ni hii na si ile nyingine. Nikishindwa kuijibu hiyo ya tatu kwa Kiswahili, najua tatizo langu si Kiingereza.

Maelezo hayo hayaandikwi kumfurahisha mtunzaji. Toleo moja la Linux hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na hubeba viraka zaidi ya elfu kumi. Mtu akiona toleo jipya limemharibia mashine, huchukua git bisect, amri ya kusaka kiraka chenye kosa: anajaribu katikati, anaiambia mbovu au nzima, inakata nusu, tena nusu. Mara kumi na nne hivi za kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, na kuwasha upya, anafika kwenye kiraka kimoja, na juu yake jina la mtu.

Mwaka fulani jina hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimesafisha namna draiva inavyoonyesha hali ya betri, na kwa macho yangu nimepapendezesha. Mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyofika, akaandika kwamba programu yake ya zamani sasa inasoma betri imeisha na inazima kompyuta. Nikamjibu kwamba programu yake imeandikwa vibaya. Na kweli ilikuwa imeandikwa vibaya! Kiraka changu kiliondolewa wiki ile ile. Sheria ya nyumba ile ni moja ambayo haina mjadala: kiini hakivunji programu za watumiaji zilizokuwa zinafanya kazi. Yule bwana alikuwa amekesha akikompaili ili anioneshe kosa langu, nami nikamjibu kama karani wa dirishani. Hiyo bado inaniuma kuliko kiraka chenyewe.

Mtasikia pia kwamba watu wa kule ni wakali. Walikuwa. Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa lugha yake, akapumzika kwa muda, na kanuni mpya za mwenendo zikawekwa. Siku hizi matusi ni nadra, lakini "hapana" bado ni "hapana" kavu. Anayekukatalia kwa sababu tatu amekusoma, mwogopeni anayenyamaza. Na kabla hamjalalamikia kimya, tazameni kalenda: toleo likishatoka, wiki mbili zinazofuata ni za kupokea mambo mapya yaliyokwisha kupitiwa, na kiraka kipya mkikituma siku hizo mara nyingi kitangoja.

Kuhusu bando, maana najua mnaponiandikia mnapima kila megabaiti: msivute historia nzima ya Linux kwa mara moja, ni gigabaiti kadhaa. Vuteni kwa kina cha kiraka kimoja tu, mengine yatakuja mkipata Wi-Fi ya chuo. Laptopu ikiwa mzee kama mimi, amri ya make localmodconfig itachagua moduli, yaani vipande vya kiini, zile tu ambazo mashine yako inazitumia sasa hivi, na saa nyingi za kukompaili zitapungua sana. Jaribuni ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya yako, msije mkazima mashine mnayofanyia mitihani.

Na kazi msiache. Wengi wanaotuma viraka hulipwa na kampuni, lakini hawakuanza hivyo wote, na mshahara huja baada ya jina lako kuonekana muda mrefu.

Yule aliyenitumia kiraka cha draiva ya kibodi juzi: aya yako ya kwanza inaeleza ulichobadilisha. Ifute, uanze na kitufe kinachokwama na jinsi ulivyokikwamisha. Kesho baada ya alasiri niko nyumbani, lete tuisome kwa sauti kabla hujaituma.

Mzee wenu