Malalamiko: tanuri la umeme mliloniuzia kwa mhuri wa "Limekaguliwa"

Fundi chuma,
Jomvu, Mombasa.

Kwa Meneja,

KUH: TANURI LA UMEME LA KUKAZIA CHUMA, NA NILIVYOTENDEWA KAUNTA

Salamu kwako na kwa wafanyakazi wako wote, isipokuwa mmoja. Huyo nitamfikia.

Masharti yenu ya mashine za mitumba mwayajua kuliko mimi, na mhuri mlioupiga kwenye risiti yangu mwajua wasema nini. Sina haja ya kuwasomea.

Tanuri lenu ladanganya. Kontrola, kile kisanduku kinachoonyesha na kuendesha joto, ikiandika 830, ndani kumeshapita nyuzi 1100. Mimi hutengeneza patasi na visu vya bucha kwa chuma cha springi za gari. Chuma hicho chataka kama 830, kisha kuzamishwa kwenye mafuta kikaze. Kikivuka hapo kwa kiasi hicho chembe zake hukua, na ukikipiga chavunjika, ndani waona punje zinametameta kama sukari. Bechi nzima ya patasi za maseremala imekwenda hivyo, na wenyewe walishalipa amana.

Na msiniambie sikuwaambia. Mwanzo kabisa niliwapigia simu nikasema rangi hailingani na namba: kontrola yaandika 600, chuma kimeshaiva wekundu wa cheri. Wekundu huo ni wa 800, hata mwanafunzi wangu aujua. Nikajibiwa, "Fuata namba mzee, usifuate macho." Haya, nikafuata namba.

Ndipo nikaja kwenu na patasi mkononi. Fundi wenu mkuu akaitazama, akaigonga kwenye kaunta, ikakatika vipande viwili. Badala ya kushtuka, akacheka. Akasema mbele ya wateja, "Hizi mashine zataka watu waliosoma. Wewe mzee rudi kwenye makaa yako."

Nilirudi nyumbani nikaipima mwenyewe, kwa vitu vya jikoni. Nikaitia sensa, ile ncha ya waya inayopimia joto la tanuri, kwenye maji yanayotokota. Hapa Mombasa tuko usawa wa bahari, maji yatokota kwa 100. Kontrola ikaandika 84. Nikaitia kwenye barafu inayoyeyuka, ikaandika 6. Nikaweka kipande cha chuma ndani ya tanuri na sumaku kwenye fimbo ndefu. Chuma huachana na sumaku karibu na nyuzi 770, na kontrola wakati huo haijafika hata 600. Chumvi ya mezani, ambayo huyeyuka kwa 801, ikawa maji kontrola ikiandika mia sita na kidogo. Hapo hapana tena la macho ya mzee.

Sababu yenyewe ni aibu kuiandika. Waya za sensa ni manjano na nyekundu, rangi za Kimarekani za themokapo (ndiyo sensa ya waya mbili, itoayo umeme kidogo ikipata joto) ya aina ya K, na waya mmoja, ule hasi, washikwa na sumaku kama K inavyotakiwa. Kontrola imewekwa aina ya J, sensa ya namna nyingine. J hutoa umeme mwingi kuliko K kwa joto lile lile, kwa hiyo kontrola ikipokea umeme wa K yadhani tanuri bado ni baridi, yazidi kuchochea. Ni mpangilio wa kwenye menyu, wa kubonyeza vitufe. Aliyepiga mhuri alikagua nini?

Narudi pale kaunta, kwa sababu sijamaliza. Kabla ya kuivunja patasi, nilimwomba kwa adabu afungue menyu ya kontrola kama ile, aone sensa imewekwa aina gani. Hakufungua. Akawasha tanuri jingine la aina hiyo hiyo, baridi, kontrola ikaandika 31. Akanionyesha kipimajoto cha ukutani, nacho 31. "Waona? Yasoma sawasawa." Kumbe likiwa baridi lazima lisome sawa, hata mpangilio ukiwa mbovu, kwa kuwa kontrola yenyewe hupima joto la pale waya zilipofungwa na kuanzia hapo. Kosa huonekana likipata moto. Fundi mkuu hajui hilo? Halafu ndiyo akagonga patasi, ndiyo ikakatika, ndiyo akacheka na wale vijana wa stoo wakacheka naye. Binti wa keshia aliinamisha uso. Mwanafunzi wangu alikuwa kando yangu, kijana ninayemfundisha kazi, akasikia mwalimu wake aambiwa arudi kwenye makaa. Mabaki ya patasi yangu fundi wenu akayasukumia kwenye pipa. Nikayaokota mwenyewe.

Nilikuwa nataka mrekebishe mpangilio na fidia ya chuma kilichoharibika, basi. Lakini jana nimefungua mlango nikaona koili za nyuma zimelegea na kuning'inia, kwa kuendeshwa moto usio wake. Kwa hiyo sasa nataka pesa zangu zote, Sh 95,000, pamoja na gharama ya gari la kulileta na thamani ya patasi. Na yule fundi aniombe radhi pale pale kaunta, kwa sauti ile ile, mwanafunzi wangu akiwepo.

Mna siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, naenda Mahakama ya Madai Madogo. Yasikiliza madai yasiyozidi milioni moja, langu laingia na nafasi yabaki, na sihitaji wakili. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nimeisoma, mimi nisiyesoma. Nina video ya maji yakitokota na kontrola ikiandika 84. Kabla ya mahakama, mafundi wa Jomvu na Changamwe wataiona kwenye simu zao.

Nimeambatisha nakala ya risiti na picha za koili.

Wenu mteja,
Fundi chuma, Jomvu.

Tanbihi: gari la kuja kulichukua tanuri mtalipa nyinyi, na anayekuja asiwe yeye. Tena kabla hamjauza lile jingine lililoandika 31, fungueni menyu.