Mabega ya vijana wetu yahesabiwe mipigo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nijibu makala ya ukurasa wa michezo wiki iliyopita, iliyowashauri wanaoumwa bega msimu huu wa joto waweke barafu na kupumzika hadi maumivu yaishe. Barafu sina ugomvi nayo. Lakini mimi ni kocha wa mpira wa wavu wa wasichana, na mabega mengi ninayoyaona hayaharibiki kwa ajali ya siku moja. Yanaharibika kwa wingi wa mipigo ambayo hakuna aliyeihesabu, na ningependa wazazi na makocha wenzangu tuanzie hapo.

Bega limeumbwa ili lizunguke. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kisahani kilicho kidogo kuliko chenyewe, na kinachokishikilia mahali pake mkono ukiwa juu ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega. Watu hudhani misuli hiyo huchoka kwa kupiga. Mara nyingi kinachoichosha zaidi ni kuusimamisha mkono mpira ukishaondoka, kama breki za gari linaloteremka mlima. Ikichoka, kichwa cha mfupa huanza kuhamahama na kano hulemewa. Sasa mfikirie kijana aliyekuwa akifanya mazoezi mara mbili kwa wiki. Likizo inafika, anacheza kila siku: asubuhi na timu, jioni mchangani na marafiki, Jumamosi kwenye bonanza. Katikati anaogelea, na kuogelea nako ni bega lilelile. Pumzi na misuli huizoea kazi mpya upesi. Kano huchelewa sana.

Nilikuwa na mshambuliaji wa pembeni wa miaka 15, binti hodari. Kwangu alipiga mipira ya kiasi. Alikuwa pia na timu ya shule, na mwisho wa wiki alicheza mchezo wa mchangani wa wawili wawili, ambao hauna pa kujificha kwa sababu kila mmoja hupokea, huanzisha na kupiga. Kila kocha alijua hesabu yake, ila jumla hakuna aliyeijua, hata mama yake. Hakulalamika. Nilichokiona kwanza ni kiwiko chake kuanza kushuka wakati wa kupiga. Halafu akawa anaanzisha mpira kwa mkono wa chini, akisema anajaribu mtindo mpya. Siku moja nikamwona anavaa jezi: aliuingiza kwanza mkono wa kulia taratibu akiusaidia kwa wa kushoto, ndipo akapitisha kichwa. Mtu huvaa hivyo akiwa na bega linalouma. Nilipomuuliza kuhusu usingizi alikiri kwamba ubavu ule haulalii tena.

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba ile sehemu ya mfupa inayoendelea kukua, karibu kabisa na bega, ilikuwa imetanuka kuliko ya upande wa pili. Mifupa ya vijana bado ina sehemu hizo laini, na mara nyingi ndizo zinazoshindwa kabla ya kano. Daktari alimkataza kupiga mpira wa juu kwa muda wa miezi mitatu. Msimu ukaisha akiwa benchi, ingawa miguu na kiwiliwili tuliendelea kuvifanyisha kazi, kwa sababu nguvu ya mpigo huanzia ardhini na kupanda kwenye nyonga. Mchezaji mwenye miguu mizito hulipia kwa bega.

Kuhesabu si jambo geni. Nchini Marekani, besiboli ya watoto ya Little League imekuwa na kikomo cha mirusho tangu mwaka 2007. Mrushaji wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidisha mirusho 85 kwa siku, na akifikisha 66 hupumzika siku nne kabla ya kurusha tena. Kwenye wavu wa vijana ni nani anayesimama kando na kalamu? Mimi sasa ninao utaratibu: kila mchezaji ana daftari dogo analopeleka kwa makocha wake wote, na kila mmoja anaandika mipigo ya juu ya siku hiyo. Jumla ikiruka ghafla kuliko wiki iliyotangulia, kesho yake anapanga mipira na kupokea, hapigi.

Kuandaa mwili nako kuna faida iliyopimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wachezaji 660 wa mpira wa mikono wa ngazi ya juu nchini Norwei. Timu zilizofanya mazoezi maalumu ya dakika 10 hivi mara tatu kwa wiki, wakati wa kupasha mwili joto, zilipunguza hatari ya matatizo ya bega kwa asilimia 28. Hayahitaji mashine. Zoezi ninalolipenda ni la ukanda wa mpira uliofungwa mahali imara: kiwiko kimebanwa ubavuni, kimekunjwa, unauvuta ukanda kuelekea nje polepole, na unaurudisha polepole zaidi. Huko kurudisha ndiko kunakofundisha breki.

Upande wa matibabu, nina ombi kwa kila anayekaa kando ya uwanja: bega likichomoka, msilivute. Nimeshaona watu wazima wakigombania mkono wa mtoto anayelia, mmoja akiweka mguu kwapani ili apate nguvu ya kuvuta. Huenda mfupa umevunjika na hamuoni, na neva inayopita chini ya kiungo hicho inaweza kuumizwa zaidi. Mtegemezeeni mkono jinsi ulivyo, ufungeni kwa kitambaa kikubwa, mwulizeni kama anahisi vidole na ngozi ya nje ya bega, kisha mpelekeni hospitali. Na akirudishiwa bega lake asirudi uwanjani wiki ijayo kwa sababu maumivu yameisha. Wenye umri chini ya miaka 20 ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kuchomoka tena.

Kwa bega linalouma bila kuchomoka, kupumzika kabisa nako kuna mwisho wake. Siku za kwanza acha kinacholiumiza, weka barafu juu ya kitambaa dakika 15 hadi 20, kisha anza kulisogeza na kulipa mzigo kidogo kidogo ukiongozwa na mtaalamu wa viungo. Bega lililofungwa kombeo muda mrefu bila sababu hukakamaa. Sindano za steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini zikirudiwarudiwa hudhoofisha kano, na mimi sitaki mchezaji wangu achomwe ili tu awahi fainali. Asiyeweza kuinua mkono baada ya kuanguka, anayehisi ganzi, au ambaye maumivu yanamwamsha usiku, aende kwa daktari mapema. Na kwa sisi wakubwa tunaojiunga na vijana msimu huu: maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kubanwa kifua au jasho jingi msiyadhanie ni ya mpira. Huenda ni moyo, na ni dharura.

Nawaomba waandaaji wa mabonanza ya likizo jambo dogo. Fomu zenu za kujiandikisha zina nafasi ya umri na saizi ya jezi. Ongezeni mstari mmoja: wiki hii mchezaji amecheza wapi kwingine, na mara ngapi. Na anayeujaza awe mzazi.

Wako,
Kocha wa wavu wa wasichana
(Jina limehifadhiwa)