Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: wapimaji wa reli waanzie Mkwaya

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Lindi. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay tunaisubiri kwa hamu. Lakini kusini tuliwahi kuwa na reli, ikang'olewa, na kabla stesheni ya kwanza haijachorwa naomba uisikie habari ya Mkwaya.

Waingereza walipoleta mradi wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Mtwara haikuwa bado na bandari ya kina kirefu. Basi meli zikatia nanga Lindi, matishari yakabeba mizigo kufuata mkono wa bahari hadi Mkwaya, na kutoka hapo reli ikaelekea bara. Mkwaya ikawa na gati na stesheni.

Makazi ya reli, Mheshimiwa, hayajengwi na shirika peke yake. Nyuma ya mpiga nyundo huja mama wa vitumbua, kisha fundi cherehani, kisha kijana aliyeuza mbuzi wa baba yake apate mtaji wa genge. Hao hawakuulizwa kama udongo umepimwa wala kama mvua inatosha. Kumbe havikuwa vimechunguzwa ipasavyo! Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Katika hesabu hiyo mama wa vitumbua hayumo.

Bandari ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, Mkwaya ikakosa kazi. Reli yenyewe, iliyojengwa kwa ajili ya zao moja, haikupata mzigo wa kuitosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyuma vikang'olewa.

Reli mpya inatajwa zaidi kwa makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Madini huisha. Naomba stesheni ndogo ziwe na maghala ya korosho, ufuta na mbaazi, na treni ya abiria isimame hapo. Viwanja vipimwe mapema, na watakaohamia wapewe hati. Stesheni ikija kufungwa, wenyeji waambiwe kabla, na walipwe fidia.

Wapimaji wako wakishuka kusini, waanzie Mkwaya. Wapo wazee waliokuwa watoto treni ikipita. Wakae nao chini wawasikilize, hata kwa siku moja.

Wako,
Mkazi wa Lindi